Je, Wajua? Daktari, Rangi ya Mwili na Nguvu za Jua

Je, wajua kwamba yupo daktari wa macho nchini Mexico anayefundisha kuwa binadamu huishi kwa mwanga kama mmea? Ni Dk. Arturo Solís Herrera wa mji wa Aguascalientes. Kwa maelezo yake mwenyewe, alianza mwaka 1990 kuchunguza mishipa midogo ya damu machoni mwa wagonjwa 6,000, akitafuta chanzo cha upofu unaoletwa na kisukari, glakoma na uzee. Alichoibuka nacho kilivuka kabisa mipaka ya macho. Alisema melanini, ile rangi nyeusi iliyomo kwenye ngozi, nywele na macho yetu, hunasa mwanga, huyapasua maji ya mwilini yakawa hidrojeni na oksijeni, na kwa kazi hiyo huupa mwili nguvu zake za msingi. Chakula, kwa nadharia hiyo, hutupa malighafi ya kujengea mwili tu.

Je, wajua kwamba alipewa hataza kwa wazo hilo? Ofisi ya Marekani ilimpa mwaka 2013, kwa njia ya kupasua maji kwa kutumia melanini. Hataza humlinda mwenye wazo asinyang'anywe. Wanaoitoa hawampimi mgonjwa hata mmoja, wala hawathibitishi kwamba mwili wako unafanya hivyo.

Sisi wa Lembeni tuna kila sababu ya kulitazama dai hili kwa makini. Tuko kwenye tambarare kavu chini ya Milima ya Upare wa Kaskazini, kati ya Same na Mwanga, barabara kuu ikipita upande mmoja na reli ya Tanga–Moshi upande mwingine. Jua hapa si kitu cha kutafuta. Na melanini, Mungu ametujalia tele. Kama nadharia hii ni kweli, basi hakuna wa kutupita kwa nguvu.

Je, wajua kwamba jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka? Lembeni iko karibu nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua husimama wima juu yetu karibu na tarehe 11 Machi na tena karibu na tarehe 3 Oktoba. Simika fimbo iliyonyooka uwanjani siku hizo, kati ya saa sita na robo na saa saba kasorobo mchana, na utaona kivuli chake kinakaribia kutoweka kabisa.

Basi tupige hesabu. Kwa siku ya jua la kawaida, kila mita moja ya mraba ya ardhi hapa nchini hupokea nishati ya kiasi cha kilowati-saa 5. Chukua mtu aliyevua nguo na kuanika mita nzima ya mraba ya ngozi yake kuanzia macheo hadi machweo. Mpe ngozi yenye ustadi wa jani la shambani, ambalo huhifadhi takriban asilimia 1 tu ya mwanga uliolipiga. Atakachovuna kutwa ni kalori 43, yaani nguvu zilizomo kwenye gramu 12 za unga wa mahindi. Mwili wa mtu mzima unahitaji kama kalori 2,000 kwa siku. Kwa hiyo hata kama tungekuwa na majani mwilini, bado tungepika ugali.

Je, wajua kwa nini mmea unaweza kupasua maji? Darasani tunaambiwa ni umbijani, lakini umbijani peke yake hautoshi. Ndani ya jani kuna kifundo kidogo cha madini, atomu 4 za manganizi na 1 ya kalsiamu, na hapo hasa ndipo molekuli ya maji inapopasuliwa, hatua kwa hatua, chembe moja ya mwanga baada ya nyingine. Kwenye ngozi ya binadamu hakuna kifundo cha aina hiyo.

Na kama melanini ingetoa oksijeni ndani ya miili yetu, wangelijua hilo kwanza vijana wanaopiga mbizi kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu, hapo magharibi mwetu. Jua linawachoma mgongo, maji yamewazunguka, melanini imejaa ngozini. Bado baada ya muda mfupi wanapanda juu kuvuta pumzi.

Wachimbaji wa Mirerani nao hushuka mamia ya mita chini ya ardhi kutafuta tanzanite, kwenye giza tupu. Kinachowachosha ni kazi, joto na hewa nzito. Wakipanda juu huulizia chakula.

Waislamu wa hapa wanaofunga Ramadhani wakati wa kiangazi wanajua zaidi ya wataalamu. Hakuna aliyewahi kuona njaa ya saa tisa alasiri ikipungua kwa kutoka kivulini.

Je, wajua kwamba suala hili lilipimwa kwa vipimo miaka zaidi ya 120 iliyopita? Miaka ya 1890, huko Middletown, Marekani, mkemia Wilbur Atwater na wenzake walijenga chumba kidogo kilichozibwa kila upande, chenye kitanda, kiti na meza. Mtu aliishi humo siku kadhaa. Walipima kila alichokula, kila alichotoa, hewa aliyopumua na joto lililotoka mwilini mwake, mara nyingine wakimfanya apige baiskeli isiyotembea. Mwisho wa hesabu, nguvu zilizotoka zililingana na nguvu zilizoingia kwa chakula, tofauti ikiwa chini ya asilimia 1. Hapakubaki pengo la kujazwa na mwanga. Kwangu mimi, jaribio hilo ndilo linaloiweka nadharia ya Dk. Solís mahali pagumu kuliko hoja nyingine yoyote ya maabara.

Lakini asiwepo mtu wa kusema kwamba daktari akipingwa na wakubwa basi amekosea. Historia ya rangi na nguvu za mwili ina mganga mmoja aliyepuuzwa hadi kaburini, naye alikuwa sahihi.

Je, umewahi kusikia jina la Charles MacMunn? Alikuwa daktari wa kawaida wa mtaani katika mji wa Wolverhampton, Uingereza, wala hakuwa na cheo chuo kikuu chochote. Baada ya kumaliza wagonjwa wake alikwenda kwenye chumba chake cha utafiti na kuchungulia vipande vya misuli ya wanyama na wadudu kwa chombo kinachouchambua mwanga. Kila mara aliona mistari myeusi ileile mahali palepale. Miaka ya 1884 hadi 1886 aliandika kwamba misuli na viungo vina rangi yao wenyewe, tofauti na ile ya damu, na kwamba rangi hiyo inahusika na jinsi mwili unavyotumia oksijeni. Mjerumani Felix Hoppe-Seyler, bingwa wa kemia ya mwili wa enzi hizo, akasema ile ni damu iliyochakaa tu. Neno la bingwa likatosha. MacMunn alifariki mwaka 1911 akiwa hajasikilizwa.

Mwaka 1925 David Keilin wa Cambridge, aliyekuwa akichunguza nzi na nondo, akaiona mistari ileile. Akairudia kazi ya MacMunn kwa heshima, akamtaja kwa jina, na rangi hizo akaziita saitokromu. Leo kila mwanafunzi wa biolojia wa kidato cha sita anazisoma: ni protini zenye madini ya chuma, zimo ndani ya seli, na ndizo zinazopokezana elektroni zinazotoka kwenye chakula hadi zikutane na oksijeni tuliyoivuta. Hapo ndipo nguvu zako zinapozalishwa, msomaji, hata sasa unaposoma.

Kwa hiyo ipo rangi mwilini inayohusika na nguvu. Si nyeusi, haihitaji jua, na kila mtu anayo, awe mweusi, mweupe au mwenye ualbino.

Je, wajua kwamba mihogo michungu hudhuru kwa kuishika rangi hiyohiyo? Sianidi iliyomo kwenye mihogo hiyo huikamata saitokromu ya mwisho na kuzuia oksijeni isitumike. Ndiyo maana bibi zetu huiloweka, huivundika na kuianika. Njaa inapowasukuma watu kufupisha kazi hiyo, hutokea konzo, ugonjwa wa kupooza miguu kwa ghafla. Wilaya ya Tarime, mkoani Mara, iliupata katikati ya miaka ya 1980.

MacMunn alikuwa na kitu ambacho wengine wangeweza kukitazama wenyewe. Mistari ilikuwepo, na Keilin alipochungulia akaikuta. Nadharia ya melanini na maji imekwisha kutangazwa kwa miaka mingi, na hakuna maabara huru iliyoonyesha seli ya binadamu ikipasua maji kwa mwanga.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki ilikuwa na daktari wake mbishi wa mambo ya rangi? Dk. Hugh Trowell aliletwa Kenya na serikali ya kikoloni mwaka 1929, kisha akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala, miaka ya 1930. Wodini alikutana na watoto waliovimba miguu na uso, ngozi ikibambuka, wamenuna, hawataki kula, na nywele zao zilizopaswa kuwa nyeusi zimegeuka nyekundu na laini kama nyuzi za mahindi. Wapo waliosema ni minyoo, wengine wakataja kaswende ya kuzaliwa nayo. Trowell alishikilia kwamba ni chakula. Kwanza alidhani ni pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini, na hapo hakulenga sawasawa. Lakini hakuwaacha wale watoto. Mwaka 1954 yeye, J. N. P. Davies na R. F. A. Dean walichapisha kitabu kizima juu ya kwashiakoo, na Mulago ikawa mahali ambapo madaktari wa dunia walikuja kujifunza jinsi ya kuwatibu kwa maziwa na vyakula vya protini.

Ukichukua unywele mmoja wa mtoto aliyepitia vipindi vya njaa na shibe, unaweza kuusoma. Palipo peusi, wakati ule alikula. Palipo pekundu, hakukuwa na chakula cha maana. Kisha peusi tena, mavuno yalipoingia. Madaktari huuita utepe huo alama ya bendera.

Hapo kuna jibu la swali la nani anamtegemea nani. Melanini hutengenezwa kwa tairosini, kipande cha protini, na kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo kinahitaji madini ya shaba. Protini ikikosekana, rangi hufifia. Chakula ndicho kinacholisha rangi. Mtoto wa kwashiakoo anayeanikwa juani hapati nafuu. Anayepewa maziwa, mayai, maharage na dagaa hupata nafuu, kisha nywele nyeusi zinachomoza zenyewe.

Mwaka 1965 Mulago ilifungua kliniki ya lishe ya Mwanamugimu, inayowafundisha mama jinsi ya kumrudisha mtoto katika afya kwa vyakula vya soko la kawaida. Samaki wa Nyumba ya Mungu na maharage ya Ugweno yangefanya kazi hiyohiyo huku kwetu.

Sasa haraka haraka, mambo machache kuhusu melanini yenyewe:

Mweusi na mweupe wana idadi inayokaribiana ya seli za kutengeneza rangi. Tofauti iko kwenye wingi, ukubwa na aina ya punje za rangi ambazo seli hizo hutoa.

Wino wa ngisi ni melanini. Mwaka 2012 watafiti walichambua wino uliogandia kwenye mwamba wa Uingereza kwa miaka kama milioni 160, wakaukuta unafanana na wa ngisi wa leo.

Melanini iko ndani ya ubongo pia, kwenye sehemu inayoratibu mwendo wa mwili. Seli za sehemu hiyo zikifa, mtu hupata ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka mikono. Iko pia kwenye sikio la ndani. Huko kote jua halijawahi kufika.

Mwaka 1974 John McGinness na wenzake wa Houston, Marekani, walionyesha kwamba kipande cha melanini kinaweza kupitisha na kuzuia umeme kama swichi. Ni ugunduzi wa kweli, na chombo chao kimehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian.

Mwaka 2007 Ekaterina Dadachova na Dk. Arturo Casadevall wa New York waliripoti kwamba kuvu weusi, wa jamaa ya wale walioonekana kwenye mtambo wa nyuklia ulioharibika wa Chernobyl, walikua haraka zaidi walipopigwa na mionzi mikali, mara 500 ya ile ya kawaida. Kama kuvu hao wanapata nguvu kutoka kwenye mionzi au wanajilinda tu, wanasayansi bado wanabishana. Nawaheshimu waandishi hao kwa sababu wameweka majaribio yao mezani wengine wayarudie. Lakini ukungu si mtu.

Sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga hutumia nishati nyingi zaidi gizani kuliko mwangani. Daktari wa macho anayesema mwanga unalilisha jicho ana kazi ya kueleza jambo hilo.

Kazi ya melanini ngozini ni ipi, basi? Ni kivuli. Inapokunywa miale ya urujuanimno, zaidi ya asilimia 99.9 ya nishati iliyoinywa hutolewa kama joto, kwa kasi isiyoelezeka, kabla haijafika kwenye kiini cha seli na kukata nyuzi za urithi. Watafiti walipolinganisha, ngozi nyeusi ilizuia miale hiyo kana kwamba imepakwa mafuta ya kukinga jua yenye nguvu ya 13, na nyeupe kama 3. Kitu ambacho kimeumbwa kuitupa nishati haraka kiasi hicho hakiwezi wakati huohuo kuwa ghala la kuihifadhi.

Ngozi inafanya kazi moja ya maana kwa mwanga wa jua, nayo ni kutengeneza vitamini D inayoimarisha mifupa. Melanini haisaidii hapo, inaichelewesha. Hata hivyo, jua letu linatosha. Mwaka 2012 Luxwolda na wenzake walipima damu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi kwa mila zao na kukuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita, kiwango ambacho wengi Ulaya hawakifikii.

Mkorogo, yaani krimu za kujichubua, hufanya kazi kwa kukizuia kile kimeng'enya cha kutengeneza melanini. Zebaki iliyomo kwenye baadhi ya krimu hizo haiishii usoni. Huingia kwenye damu na kuharibu figo. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu bado unazikuta sokoni, licha ya kupigwa marufuku.

Sasa niseme kile kilichonifanya nitumie safu nzima kwa jambo hili.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watu wengi wenye ualbino kuliko sehemu nyingi za dunia. Kadirio linalotumika sana ni mtu mmoja katika kila 1,400. Kwa hesabu hiyo, mtu mmoja katika kila 19 amebeba chembe ya urithi ya ualbino bila dalili yoyote. Katika darasa la watoto 40 wa shule ya hapa, kama wawili. Wakikutana wabebaji wawili wakaoana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino, na haibadiliki kwa sababu mimba iliyotangulia ilikwenda vipi. Mwaka 1995 Richard Spritz na wenzake walionyesha kwamba kwa Watanzania wengi chanzo ni kilekile: kipande cha herufi kama 2,700 za urithi kimekatika. Kimetoka kwa baba na kwa mama pia, sawa kwa sawa. Mwanamume anayemtelekeza mkewe kwa kumzalia mtoto wa aina hiyo anamwadhibu kwa jambo alilolileta mwenyewe kwa nusu.

Watu hawa wana melanini kidogo sana ngozini, kwenye nywele na machoni. Kama melanini ndiyo inayouendesha mwili, wangepaswa kuzaliwa wakiwa wamekwisha nguvu. Watazame. Wanabeba maji, wanacheza mpira, wanalima, wanazaa, wanatunga sheria. Salum Khalfani Bar'wani alichaguliwa na wananchi kuwa Mbunge wa Lindi Mjini mwaka 2010. Dk. Abdallah Possi aliteuliwa Naibu Waziri mwaka 2015, kisha akawa Balozi wetu Ujerumani. Hakuna jaribio la maabara linaloshinda ushahidi huo. Nadharia yoyote inayosema rangi ndiyo uhai inawaondoa watu hawa kwenye ubinadamu, na nchi yetu imekwisha kuona mauaji yaliyotokana na imani kwamba wao si watu kama sisi.

Wanachokikosa ni kivuli cha ndani. Jua lilelile linalotuacha salama huwaunguza. Mwaka 1985 Dk. Jeff Luande na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam kwa miaka 2. Ngozi ilianza kuharibika tangu uchanga, na waliofanya kazi za nje walipata saratani kubwa wakiwa bado vijana. Aliyezaliwa hivyo akapelekwa kukata mkonge au kuchunga mbuzi nyikani alikuwa katika hatari kubwa kuliko aliyekaa dukani.

Saratani hizo kwa kawaida huota usoni, masikioni na shingoni, na nyingi zinatibika zikiwahiwa. Kipele kigumu chenye magamba kisichopona ndani ya mwezi, au kidonda kinachotoa damu na kukauka na kutoa tena, hakifai kusubiriwa.

Na kwa kuwahi, bahati iko upande wetu. Moshi haiko mbali. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina chuo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na wataalamu waliosomeshwa hapo wametapakaa nchi nyingi za Afrika. Vidonda vya mwanzo huweza kuondolewa kwa kugandishwa na nitrojeni kimiminika, kazi ya dakika chache.

Je, wajua kwamba mafuta ya kukinga jua yaliyobuniwa mahsusi kwa ngozi yenye ualbino yalianza kutengenezwa hapohapo KCMC? Yanaitwa Kilisun. Mfamasia Mhispania, Mafalda Soto Valdés, ndiye aliyeuanzisha mradi huo na wenyeji, akiwauliza watumiaji wenyewe wanataka mafuta yawe mazito kiasi gani na yasiwatie jasho vipi. Yana kinga ya 30 na zaidi. Hugawiwa bure kwa walengwa kupitia kliniki zinazotembea mikoani.

Mafuta hayo hupakwa kabla ya kutoka, si baada ya kuungua. Masikio na nyuma ya shingo husahaulika kuliko sehemu zote, na ndiko saratani inakopenda kuanzia.

Mafuta peke yake hayatoshi. Kofia ya pama yenye ukingo wa upana wa kiganja, kuzunguka pande zote, inafunika masikio. Kapelo inayaacha nje. Shati la mikono mirefu lililofumwa kwa kubana linashinda fulana nyepesi inayopitisha mwanga ukiinyanyua juani. Mawingu hayazuii miale yote. Na ukipanda kutoka Lembeni kwenda Usangi, ubaridi usikudanganye: kila mita 1,000 unazopanda, miale huongezeka kwa karibu asilimia 10.

Jambo la mwisho ni macho, na hapa narudi kwenye taaluma ya Dk. Solís. Mwenye glakoma au kisukari akiaminishwa kwamba mwanga utamponya, akaacha dawa na kliniki, huenda asihisi maumivu yoyote hadi siku uoni umekwenda. Uoni uliopotea kwa glakoma haurudi. Katika suala hili lote, hilo ndilo linalonitia hofu.

Melanini ina kazi ya kweli machoni, nayo huanza kabla ya kuzaliwa: inasaidia sehemu ya katikati ya jicho kukomaa na mishipa ya jicho kuelekea upande sahihi wa ubongo. Kwa mtoto mwenye ualbino kazi hiyo haikamiliki, kwa hiyo macho yake hucheza, mwanga mkali humsumbua, na miwani ya kawaida haimrudishii uoni kamili. Akili yake iko salama. Anayeketi nyuma ya darasa anaonekana mzito wa kuelewa wakati haoni ubao. Mkalishe mbele, mbali na dirisha linalomulika, umruhusu kusogea hadi ubaoni, na akivaa kofia darasani asiadhibiwe. Baraza la Mitihani, NECTA, huwaandalia watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa, ila hitaji hilo lazima shule ilijaze wakati wa usajili. Mzazi mwenye mtoto wa aina hiyo amfuate mwalimu mkuu mapema, aulize kama fomu ya mwanawe imejazwa hivyo, na aoneshwe.